Kupanga eneo la kutupia mabaki ya makaa ya mawe: maswali ya jiotekniki yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu wa jiotekniki (sayansi ya udongo na miamba inayobeba ujenzi) ni wa wahandisi, wasimamizi wa migodi, mafundi wa maabara za udongo na maafisa wanaopitia michoro kabla ya kibali kutolewa. Tumeuandika tukifikiria hasa machimbo ya nyanda za juu kusini mwa Tanzania (Ngaka, Kiwira, Mchuchuma), ambako makaa yamo ndani ya miamba ya Karoo (miamba tabaka ya kale) na mvua hunyesha msimu mmoja mrefu. Hesabu zenyewe ni zilezile popote.

Mabaki ya makaa ya mawe ni kitu gani hasa?

Ni vitu vitatu, na kila kimoja kina tabia yake. Cha kwanza ni kifusi: udongo na miamba inayoondolewa juu ya tabaka la makaa. Cha pili ni mabaki makubwa yanayotoka kwenye mtambo wa kuosha: vipande vya mwamba wa tope, mchanga uliogandamana na makaa hafifu. Cha tatu ni mabaki laini, chembe zilizo ndogo kuliko milimita 1 zinazotoka mtamboni zikiwa tope. Ramani ikiandika "mabaki" tu bila kutaja ni yapi, irudishwe kwa aliyeichora.

Kwa nini tusimwage tu bondeni kwa lori, kama ilivyofanyika zamani?

Kwa sababu tayari tunajua mwisho wake. Tarehe 21 Oktoba 1966, huko Aberfan, Wales, lundo namba 7 liliporomoka na kuifunika shule ya Pantglas pamoja na nyumba za jirani. Walikufa watu 144, kati yao watoto 116. Lundo hilo lilianza kumwagwa mwaka 1958 juu ya chemchemi ambazo zilikuwa hata kwenye ramani, na lilifikia kimo cha mita 34 hivi. Halikushindiliwa wala kuwekewa mifereji chini, na ndani yake kulikuwa na mabaki laini kutoka mtamboni. Lilikuwa limeshateleza mwaka 1963, kazi ikaendelea. Uingereza ilitunga sheria ya malundo ya migodi mwaka 1969, baada ya maafa.

Mita 34 si kimo cha kutisha, na malundo mengi marefu kuliko hilo yamesimama salama. Lililoua Aberfan ni maji chini ya lundo. Ndiyo maana sehemu kubwa ya ukurasa huu inazungumzia maji.

Eneo zuri linachaguliwaje?

Anza kwa kuondoa yasiyofaa. Ondoa bonde lenye mto au kijito cha kudumu, mahali penye chemchemi usizoweza kuzikusanya, mteremko wenye dalili za maporomoko ya zamani (miti iliyoinama, ardhi yenye matuta na mabonde madogo, kingo zilizokatika), na eneo lolote ambalo chini yake kuna mahandaki ya mgodi wa zamani. Ondoa pia mahali ambapo nyumba, shule au kisima cha kijiji kiko kwenye njia ambayo lundo lingefuata likiporomoka. Hoja hiyo ya mwisho haijadiliwi kwa gharama.

Kati ya yanayobaki, tunapendelea kichwa cha bonde au bega la kilima kuliko katikati ya bonde, kwa kuwa eneo la mvua linalolimwagia lundo maji ni dogo. Tembelea eneo mara mbili: mwishoni mwa masika, chemchemi zote zikiwa hai, na mwishoni mwa kiangazi. Inayotiririka hata Oktoba ni ya kudumu. Inayoonekana Aprili pekee nayo inahitaji mfereji, kwa sababu lundo litakuwa pale kila Aprili. Waulize wanaolima hapo. Mara nyingi wanajua chemchemi ambazo kifaa cha satelaiti hakizioni kwa sababu ya majani.

Tuchimbe mashimo mangapi ya uchunguzi?

Kwa eneo la hekta 10 tunashauri yasipungue mashimo 10 ya majaribio ya kina cha mita 3 hadi 4, yanayochimbwa kwa ekskaveta, pamoja na mashimo 5 au 6 ya kuchoronga. Yasisambazwe sawasawa kama bao. Yapange mengi zaidi kwenye mguu wa lundo, kwa sababu ndiko ukinzani dhidi ya kuteleza unakotoka, na mstari mmoja ufuate sakafu ya bonde.

Choronga hadi mwamba imara, kisha ingia angalau mita 3 ndani yake. Unaweza kudhani umefika mwambani kumbe ni jiwe kubwa tu. Katika mashimo mawili au matatu, pima upenyaji wa maji na uache pizomita (bomba la kupimia shinikizo la maji ardhini), ili uwe na rekodi ya msimu mmoja mzima wa mvua kabla ya ujenzi. Unachokitafuta kwa bidii zaidi ni tabaka jembamba la udongo wa mfinyanzi lililo laini na linalong'aa kama limesuguliwa. Tabaka la sentimita 5 linaweza kuamua hatima ya lundo zima, na kichorongeo kikiendeshwa haraka hulipita bila kurudisha sampuli. Fundi akiandika "sampuli imepotea" kati ya mita 4.5 na 5, chimbeni tena pembeni.

Vipimo gani vya maabara ni vya lazima, na wapi watu hukosea?

Kwa udongo wa msingi: mchanganuo wa chembe, mipaka ya Atterberg (unyevu ambao udongo hugeuka kuwa laini au majimaji), kipimo cha kukandamiza kwa muda mrefu, na kipimo cha mihimili mitatu (triaxial) chenye kupima shinikizo la maji. Kwa mabaki: mchanganuo wa chembe, uzito wa chembe, Proctor (kipimo cha kushindilia kinachoonyesha unyevu bora na msongamano wa juu), ukinzani wa mkato, upenyaji, ustahimilivu wa kulowa na kukauka, na uwezo wa kuzalisha asidi.

Makosa tunayoyaona zaidi ni haya.

Maabara huchukulia uzito wa chembe kuwa 2.65 kama udongo wa kawaida. Mabaki ya makaa mara nyingi huwa kati ya 1.8 na 2.4, kwa sababu yana makaa ndani. Hesabu zote za uwazi na ujazo wa maji huharibika kuanzia hapo.

Sampuli moja ya mabaki hutumiwa tena na tena katika pointi zote za Proctor. Mwamba wa tope huvunjika kila nyundo inapogonga, kwa hiyo pointi ya tano inapima kitu tofauti na pointi ya kwanza. Tumia sampuli mpya kwa kila pointi.

Ukinzani hupimwa kwa mabaki mapya yaliyotoka mtamboni jana. Yakiwa mapya yanaweza kuonyesha pembe ya msuguano ya nyuzi 35 au zaidi. Yakishalowa na kukauka misimu kadhaa, vipande hugeuka tope na pembe hushuka. Lowesha na kausha sampuli mara kadhaa kabla ya kupima, kisha sanifu kwa thamani ya chini.

Tutahitaji eneo kubwa kiasi gani?

Chukua mtambo unaopokea tani 1,000,000 kwa mwaka na kutupa asilimia 30. Hizo ni tani 300,000 za mabaki. Yakishindiliwa hadi tani 1.7 kwa mita ya ujazo, yanachukua mita za ujazo 176,000 kwa mwaka, au milioni 1.76 kwa miaka 10. Yakimwagwa ovyo kwa tani 1.3, kila mwaka unahitaji mita za ujazo 231,000. Tofauti hiyo, karibu theluthi nzima, ndiyo faida ya rola ambayo mhasibu anaielewa mara moja.

Ongeza asilimia 15 hadi 20 kwa makadirio yasiyotimia, maana ubora wa makaa hubadilika na mtambo hutupa zaidi ya ilivyotarajiwa. Tenga pia nafasi ya mifereji, barabara, bwawa la kutuliza tope na rundo la udongo wa juu utakaohitajika wakati wa kufunga.

Mteremko uwe mkali kiasi gani?

Kanuni za shirikisho la Marekani zinaweka kikomo cha 2 kwa 1 (mita 2 mlalo kwa kila mita 1 ya kimo, yaani nyuzi 27 hivi) na kigezo cha usalama kisichopungua 1.5. Kigezo cha usalama ni nguvu inayozuia kuteleza ikigawanywa kwa nguvu inayosukuma. Watu husoma 2 kwa 1 kama ruhusa. Isomwe kama ukomo.

Fanya hesabu rahisi ya mteremko mrefu, mkavu, usio na mshikamano. Kigezo ni tanjenti ya pembe ya msuguano ikigawanywa kwa tanjenti ya mteremko. Kwa pembe ya nyuzi 34 na mteremko wa 2 kwa 1 unapata 0.67 kwa 0.5, sawa na 1.35. Uso wa lundo haufiki 1.5 hata ukiwa mkavu. Kwa 2.5 kwa 1 unapata 1.69, na hapo ndipo tunapoanzia kusanifu, tukiweka ngazi yenye upana wa mita 5 au 6 kila baada ya mita 10 hadi 15 za kimo.

Sasa jaza mteremko huo wa 2.5 kwa 1 maji yanayotiririka sambamba na uso wake. Kigezo huzidishwa kwa uzito wa mabaki yakiwa majini ukigawanywa kwa uzito yakiwa yameshiba maji. Kwa mabaki ya kilonewtoni 18 kwa mita ya ujazo, huo ni 8.2 kwa 18, yaani 0.455. Kigezo kinaporomoka kutoka 1.69 hadi 0.77, na lundo linaanguka. Kumbuka kwamba mabaki ya makaa ni mepesi kuliko udongo wa kawaida, kwa hiyo maji hunyang'anya sehemu kubwa zaidi ya uzito unaoleta msuguano. Mhandisi aliyezoea matuta ya barabara asiyachukulie haya kama udongo wake wa kila siku.

Baada ya hesabu hii ya mkono, changanua mitelezo ya kina kwa programu, ukijumuisha mitelezo inayopita kwenye msingi. Tunatumia 1.5 kwa hali ya kudumu na 1.3 kwa hali ya muda wakati wa ujenzi. Kwa kuwa nyanda za juu kusini zimo katika Bonde la Ufa, tetemeko lipimwe pia. Usilifute kwa sentensi moja kwenye ripoti.

Mifereji ya chini inasanifiwaje?

Pima kila chemchemi mwishoni mwa masika. Zidisha kiasi hicho mara 5 hadi 10, kwa sababu mfereji huu hautafikiwa tena kwa ukarabati. Tuseme chemchemi inatoa lita 1 kwa sekunde na unatumia mara 5. Kokoto safi zenye upenyaji wa mita 0.05 kwa sekunde, kwenye mwinamo wa asilimia 5, hupitisha lita 2.5 kwa sekunde kwa kila mita ya mraba ya mkato. Unahitaji mita za mraba 2: mfereji wenye upana wa mita 2 na kina cha mita 1.

Mawe yawe magumu na yasiyoyeyuka kwa asidi. Mwamba wa tope kutoka mgodini haufai hata kidogo, ingawa ni wa bure na uko karibu. Ndani ya miaka michache hugeuka udongo na kuziba mfereji. Mawe ya chokaa nayo hayafai pale maji yanapokuwa na asidi na chuma, kwa kuwa hufunikwa na utando mwekundu.

Zungushia chujio. Kanuni ya Terzaghi inatosha kuanzia: ukubwa wa D15 wa chujio (ukubwa ambao asilimia 15 ya chembe kwa uzito ni ndogo kuliko huo; D85 ni vivyo hivyo kwa asilimia 85) usizidi mara 5 ya D85 ya udongo unaozuiwa, na uwe angalau mara 4 ya D15 ya udongo huo ili maji yapite. Kitambaa cha jiotekstaili ni chepesi kuweka, lakini maji yenye chuma hukiziba kwa ute wa rangi ya kutu. Ukiona ute huo kwenye chemchemi yenyewe kabla ya ujenzi, tumia chujio la mchanga na kokoto.

Kila mfereji uwe na mdomo wake ulio wazi, wenye namba, unaoweza kupimwa. Midomo ikiunganishwa yote kwenye bomba moja lililofukiwa, hutajua ni upi ulioziba.

Na maji ya mvua?

Mfereji wa kukinga upande wa juu ujengwe kabla lori la kwanza halijamwaga. Uso wa lundo uwe na mwinamo wa asilimia 2 hadi 3 kuelekea pembeni, kamwe usielekee ukingo wa mbele. Dimbwi juu ya lundo ni kasoro ya kurekebishwa siku hiyohiyo. Msimu mkavu, Juni hadi Oktoba, ndio wa kazi za msingi, mifereji ya chini na kufukua udongo laini kwenye mguu. Mradi unaoanza kazi hizo Desemba umeshachelewa.

Tushindilie vipi?

Kabla ya yote, ondoa miti, mizizi na udongo wa juu, uhifadhi udongo huo pembeni. Kwenye mguu chimba mtaro wa kukita hadi udongo imara. Kwenye miteremko ya asili kata ngazi, ili mabaki yasikae juu ya uso laini.

Matabaka yawe ya sentimita 30, na yasizidi 60 hata kwa vipande vikubwa. Sentimita 60 ndicho kikomo cha kawaida cha kanuni za Marekani pia. Lori limwage nyuma, katapila itandaze, rola ya mtetemo ya tani 10 au zaidi ipite. Idadi ya kupita usiiotee: tengeneza vipande vitatu vya majaribio, upite mara 4, 6 na 8, upime. Lengo ni asilimia 95 ya Proctor, unyevu ukiwa ndani ya asilimia 2 ya kiwango bora.

Kumwaga kutoka ukingoni ili mabaki yabiringike chini ni marufuku. Mawe makubwa hukusanyika chini, laini hubaki juu, na hewa hupata njia ya kupanda ndani ya lundo. Kumwaga kwa namna hiyo kunakupa mteremko dhaifu na moto kwa wakati mmoja.

Kwa nini kipimo cha nyuklia (kifaa cha kupimia unyevu na msongamano) kinatuambia unyevu ni mwingi mno?

Kwa sababu kinahesabu haidrojeni, na makaa yana haidrojeni yake. Kifaa huiona kama maji, hivyo hutoa unyevu mkubwa kuliko ulivyo na msongamano mkavu mdogo kuliko ulivyo. Mkandarasi ataendelea kupita na rola bure, au atakausha mabaki ambayo hayakuwa na shida. Fanya kipimo cha mchanga (shimo dogo hujazwa mchanga ili kujua ujazo wake) sambamba na kifaa kwenye pointi kadhaa, kausha sampuli kwenye oveni, upate marekebisho, na uyarudie kila mabaki yanapobadilika.

Mabaki laini tuyaweke bwawani?

Ikiwezekana, hapana. Tarehe 26 Februari 1972, huko Buffalo Creek, West Virginia, bwawa lililojengwa kwa mabaki makubwa juu ya tope laini la bwawa la awali lilipasuka baada ya mvua. Halikuwa na njia ya kutosha ya kutolea maji ya ziada. Walikufa watu 125 na zaidi ya 4,000 walikosa makazi. Tarehe 11 Oktoba 2000, Martin County, Kentucky, sakafu ya bwawa jingine ilipasukia kwenye mgodi wa zamani wa chini ya ardhi, na zaidi ya mita za ujazo milioni 1 za tope zikaingia kwenye mito. Tukio la pili linafundisha jambo ambalo uchambuzi wa ukuta hauoni: bwawa linaweza kupasukia chini, kupitia sakafu yake.

Njia tunayoipendekeza ni kukamua tope kwa mashine za kuchuja hadi liwe keki, kisha kulitandaza katikati ya lundo, likizungukwa na mabaki makubwa yaliyoshindiliwa pande zote. Keki isifike karibu na uso wa mteremko. Wakati wa masika keki hailingani na ile ya kiangazi: huja ikiwa na maji mengi na rola inazama. Kwa hiyo tenga jukwaa la dharura lenye uwezo wa kupokea keki ya wiki mbili au tatu hadi hali itengemae.

Kama bwawa haliepukiki, lisanifiwe kama bwawa la maji, na mtu awe hapo kulikagua angalau kila siku 7.

Lundo linawakaje lenyewe?

Makaa yaliyobaki na pairiti (madini ya chuma na salfa) hukutana na hewa na unyevu, hutoa joto, na joto lisipopata pa kutokea hupanda. Kinga ni kushindilia vizuri, kufunika miteremko ya nje kwa udongo wa mfinyanzi kadiri lundo linavyopanda, na kutochanganya magogo, matairi wala taka za kambi.

Weka mabomba ya kupimia joto yenye kina cha mita 2 hadi 3. Joto likizidi nyuzi 50 na bado linapanda wiki kwa wiki, chukua hatua. Usimwage maji juu ya lundo linalowaka: mvuke na gesi zinaweza kulipuka. Chimba sehemu yenye moto kutoka pembeni, tandaza nyembamba, acha ipoe, kisha shindilia upya. Mashine isipande juu ya moto, kwani ndani huwa kumeungua na kubaki uwazi unaoweza kuimeza. Wafanyakazi wavae kipima kaboni monoksaidi.

Maji ya asidi yanahusiana vipi na jiotekniki?

Yanahusiana kwa sababu mahali unapoweka tabaka lenye pairiti huamuliwa na mchoro wa lundo. Kila asilimia 1 ya salfa ya pairiti inahitaji kilo 31.25 za kalsiamu kaboneti kwa tani ili kuisawazisha; asilimia 2 inahitaji kilo 62.5. Tumia salfa ya pairiti badala ya salfa yote, kwa kuwa salfa iliyofungwa ndani ya makaa yenyewe haizalishi asidi kwa namna hiyo. Mabaki yenye asidi yawekwe juu ya kiwango cha maji ya chini, mbali na mifereji, yakiwa yamefunikwa pande zote.

Tufuatilie nini baada ya kuanza?

Pizomita kwenye msingi na ndani ya lundo, alama za upimaji kwenye ngazi, inklinomita (kifaa cha kupimia ardhi inavyosogea pembeni) kwenye mguu pale msingi unapotia shaka, kipima mvua, na bamba lenye mkato wa V kwenye kila mdomo wa mfereji. Kwa mkato wa nyuzi 90, kimo cha maji cha sentimita 5 ni lita 0.8 kwa sekunde na sentimita 10 ni lita 4.4.

Namba zipewe mipaka kabla ya kazi kuanza: kwa kila pizomita, kiwango ambacho kigezo kinashuka hadi 1.5 na kile kinachokishusha hadi 1.3. Cha kwanza kinaita mhandisi. Cha pili kinasimamisha malori, na msimamizi wa zamu awe na mamlaka ya kuyasimamisha bila kupiga simu kwa mtu yeyote.

Macho nayo yanatosha kwa mengi. Nyufa sambamba na ukingo, mguu unaovimba, na mdomo wa mfereji uliokauka ghafla mvua ikinyesha: mambo hayo matatu ni ya kusimamisha kazi. Maji yanayotoka yakiwa na tope ni la nne, maana chembe zinahama kutoka ndani.

Vibali?

Kwa Tanzania, Tathmini ya Athari kwa Mazingira hupitia NEMC (Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira) chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, leseni ya uchimbaji iko chini ya Tume ya Madini, na matumizi ya maji yanahusu bodi ya maji ya bonde. Peleka ripoti ya jiotekniki nzima, ikiwa na kumbukumbu za mashimo. Muhtasari wa kurasa mbili hautoshi mtu kuhukumu usalama wa lundo.

Lundo linafungwaje?

Funga kwa hatua: ngazi iliyokamilika ifunikwe msimu uleule. Marekani hutaka kifuniko cha mita 1.2 cha udongo usio na sumu wala usiowaka. Panda nyasi zenye mizizi inayoshika udongo kabla ya mvua za kwanza, na zuia kilimo na malisho hadi zishike. Pizomita na mabamba ya V yabaki mahali pake, na yaendelee kusomwa kila mwezi wakati wa masika, hasa miaka ya mwanzo, ambapo maji ndani ya lundo bado yanatafuta kiwango chake kipya.